'Haya' na 'haiga': historia fupi ya vitenzi vikaidi vya Kihispania

Swali la insha hii ni dogo. Katika Kihispania, mtu akitaka kusema kwamba anatumaini fulani ataleta mkate, atasema 'espero que traiga pan', na hakuna atakayegeuka kumtazama. Mtu huyohuyo akitaka kusema anatumaini mkate upo, kisha akasema 'espero que haiga pan', watu watacheka, kwa maana msomi husema 'haya'. Maumbo hayo mawili, 'traiga' na 'haiga', yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Kwa nini moja limeingia katika vitabu vya sarufi na jingine limeachwa nje mlangoni?

Nasoma lugha katika chuo kimoja cha mashariki mwa Kongo. Kiswahili ndilo somo langu kuu, na Kihispania ni lugha ya kigeni niliyoichagua. Wenzangu huuliza Kihispania kina kazi gani kwetu sisi. Jibu ninalowapa ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Huko Wafang na Wabubi, ambao lugha zao ni za Kibantu kama zetu, husoma shule kwa Kihispania. Lakini lugha hiyo ilinishika kwa sababu nyingine, nayo ni vitenzi vyake.

Kwanza nieleze dhamira tegemezi ni nini, ili hata asiyejua neno moja la Kihispania tuende pamoja. Ni ile hali ya kitenzi tunayoitumia kwa jambo ambalo bado halijawa: ombi, matumaini, shaka, amri ya upole. Katika Kiswahili tunaitambua kwa irabu ya mwisho. 'Anasoma' ni habari. 'Asome' ni takwa. Kihispania nacho hufanya kazi hiyo kwa irabu. 'Habla' ni anasema, na 'hable' ni aseme. Mbantu akifika hapo hujiona amefika nyumbani. Ila vitenzi vya makundi mengine mawili hugeuza mchezo: 'come' ni anakula, na 'coma' ni ale, 'vive' ni anaishi, na 'viva' ni aishi. Aliyekuwa na 'a' anapewa 'e', na aliyekuwa na 'e' anapewa 'a'. Kubadilishana huku kumetoka moja kwa moja katika Kilatini, ambako vitenzi vya kundi la kwanza vilichukua 'e' katika dhamira tegemezi na vilivyobaki vikachukua 'a'. Kwetu pia kuna vitenzi visivyokubali kuvaa 'e', kama 'asafiri' na 'ajibu', na sababu yake nayo ni ya kihistoria: vilikuja na Waarabu.

Hadi hapo hakuna ukaidi. Ukaidi unaanza pale 'tener', kuwa na, inapotoa 'tenga' badala ya 'tena'. 'Hacer', kufanya, inapotoa 'haga'. 'Conocer', kufahamu, 'conozca'. 'Caber', kuenea mahali, 'quepa'. 'Ser', kuwa, 'sea'. Hivi ndivyo ninavyoviita vitenzi vikaidi. Wanafunzi huvikariri kama majina ya mito na vijito vyake, usiku wa kuamkia mtihani.

Walimu wana kanuni moja ya kuwaokoa. Chukua kitenzi katika nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo. Ondoa 'o' ya mwisho. Weka irabu ya dhamira tegemezi. 'Tengo', ninacho, inatoa 'tenga'. 'Hago' inatoa 'haga', 'conozco' inatoa 'conozca', 'quepo' inatoa 'quepa'. Kanuni hii haikuanguka kutoka mbinguni. Aliyeueleza vizuri undugu huu wa maumbo ni Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas mwaka 1781, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile. Mwaka 1847 alichapisha sarufi ya Kikastilia aliyoikusudia kwa matumizi ya watu wa Amerika. Bello aliona kwamba maumbo makaidi hayatawanyiki ovyo. Yanakaa kwa familia, na moja ya familia hizo ni ile inayounganisha nafsi ya kwanza ya wakati uliopo na dhamira tegemezi yote. Kwa maoni yangu huo ni uchunguzi mkubwa kuliko orodha zote za vitenzi tunazouziwa.

Lakini kwa nini familia hiyo ni moja? 'Mimi nasema' na 'yeye aseme' vina uhusiano gani hata vigawane shina, huku 'wewe unasema' ikibaki nje?

Maana haihusiki hapa. Jibu limo katika sauti. Tuchukue 'decir', kusema. Kilatini kilikuwa na 'dico', nasema, 'dicit', anasema, na 'dicam', niseme. Herufi 'c' katika maneno yote matatu ilitamkwa 'k'. Karne zilivyopita, hiyo 'k' iliyokuwa kati ya irabu ililainika kulingana na jirani yake wa kulia. Mbele ya 'o' na 'a' ikawa 'g', ndiyo maana leo ni 'digo' na 'diga'. Mbele ya 'i' na 'e' ilisogea mbele kinywani hadi kwenye meno, ndiyo maana leo ni 'dice'. 'Digo' na 'diga' wamekuwa ndugu kwa sababu mwisho wa mmoja ni 'o' na wa mwingine ni 'a', basi. Hakuna aliyeketi akaamua. Kilichotokea kinywani mwa wakulima na wachungaji wa Hispania ndicho tunachokikariri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni 'sepa', ajue. Kitenzi chenyewe ni 'saber', kwa 'b', na wengi husema 'sabemos', tunajua. Hiyo 'p' ya 'sepa' imetoka wapi? Imetoka kwenye Kilatini, na haijatoka tena. Kilatini kilisema 'sapere', kwa 'p'. Mahali pengi 'p' iliyokuwa kati ya irabu mbili ililegea ikawa 'b'. Katika 'sapiam', nijue, baada ya 'p' palikuwa na sauti ya 'y', na sauti hiyo ikaruka juu ya 'p' ikaingia upande wa pili, ikawa 'saipa'. Kwa kuwa sasa kushoto kwake haikuwa na irabu tupu, 'p' ikakingwa isilegee. Baadaye 'ai' ikaungana ikawa 'e', na leo tuna 'sepa'. 'Quepa' imepita njia hiyohiyo kutoka 'capiam'. Kwa hiyo anayesema 'sepa' anatamka konsonanti ya zamani kuliko anayesema 'saber'. Umbo tunaloliita la kikaidi ndilo lililohifadhi mali ya babu. La kawaida ndilo lililobadilika.

Sauti hiyohiyo ya 'y' inaeleza jambo linalowasumbua wengi: kwa nini 'tuhisi' ni 'sintamos' na si 'sentamos', na 'tulale' ni 'durmamos', ilhali 'tufikiri' ni 'pensemos' bila mabadiliko yoyote. 'Sentir' na 'dormir' zilikuwa na 'y' katika mwisho wao wa Kilatini, ikaivuta irabu ya shina ipande, 'e' ikawa 'i' na 'o' ikawa 'u'. 'Pensar' ni ya kundi la kwanza. Haikuwa na 'y', hivyo hakuna kilichoivuta.

Kuna vitenzi sita ambavyo kanuni ya mwalimu haivifikii, kwa sababu nafsi yao ya kwanza haiishii kwa 'o': 'soy', 'estoy', 'doy', 'voy', 'sé' na 'he'. 'Sepa' ya 'sé' tumeshaiona. Viwili kati ya hivyo, kusema kweli, vimewekwa kwenye orodha kwa uonevu. 'Dé', atoe, na 'esté', awe mahali au katika hali fulani, vinafuata kanuni ya kundi la kwanza vizuri kabisa. Tofauti ni mkazo tu na alama yake. Nafsi ya kwanza ndiyo iliyoharibika. Zamani ilikuwa 'do', 'vo', 'so' na 'estó', na 'y' ya mwisho ikaja kuongezwa. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia huko Salamanca mwaka 1492, maumbo mafupi na marefu yalikuwa bado yanasikika yote mawili.

Kuhusu 'sea', awe, hapa kitenzi kimoja kimevaa nguo za kingine. Kilatini kilikuwa na umbo fupi la dhamira tegemezi ya kuwa, lakini huko Hispania lilikufa, na mahali pake pakachukuliwa na 'sedeam', la kitenzi kilichomaanisha kukaa kitako. 'Sedeam' ikawa 'seya', kisha 'sea'. Anayesema 'que sea feliz', awe na furaha, kwa asili anasema 'akae na furaha'. Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangaa: sisi husema 'kaa kimya' kwa mtu aliyesimama. 'Vaya', aende, nayo imetoka kwa kitenzi tofauti na 'ir' yenyewe: Kilatini 'vadam' ilipoteza 'd' ikabaki 'vaa', na 'y' ikaingizwa katikati ili irabu mbili zisigongane. Na 'haya' ni 'habeam' iliyopoteza 'b' yake.

Sasa tumefika mahali pa kuanza kujibu swali la mwanzo.

Mabadiliko ya sauti peke yake hayatoshi kueleza vitenzi vyote. 'Teneo' na 'teneam' za Kilatini, kama sauti zingeachwa zifuate njia yake, zingetoa kitu kama 'tenyo' na 'tenya' kwa matamshi yetu. Kireno ndivyo kilivyofanya: jirani zetu wa Msumbiji na Angola huandika 'tenho' na 'tenha'. Kikastilia kikachukua 'g' kutoka kwa vitenzi vingine vilivyokuwa nayo kihalali na kuipachika kwenye 'tengo', 'vengo', 'pongo', halafu 'salgo' na 'valgo'. Hii ndiyo kazi ya mlinganisho: msemaji husikia kundi la vitenzi vinavyoishia hivi, akavivuta na vingine viishie hivyo. 'G' ikawa kama alama ya kundi.

Kisha alama hiyo ikavuka mpaka. Katika Kikastilia cha zama za kati, nalete ilikuwa 'traya', nianguke ilikuwa 'caya', nisikie ilikuwa 'oya'. Ni maumbo halali, yaliyotoka kwa Kilatini kwa njia zake. Lakini kuelekea karne ya 16 na ndani ya karne ya 17, 'g' ya 'tenga' na 'salga' ikayaingia nayo, yakawa 'traiga', 'caiga', 'oiga'. Hakuna Mlatini aliyewahi kusema kitu kinachofanana na hiyo 'g'. Kwa kipimo cha wale wanaopenda kusema lugha inaharibiwa, 'traiga' ni uharibifu mtupu.

Na watu walewale, kwa masikio yaleyale, wakafanya jambo lilelile kwa 'haya' na 'vaya'. Wakasema 'haiga' na 'vaiga'. Kama 'caya' imekuwa 'caiga', 'haya' itakosaje kuwa 'haiga'? Kimantiki hakuna pingamizi.

Kilichozuia ni nini basi? Naona sababu mbili, na ya kwanza ni ya haki. 'Haber' ni kitenzi kisaidizi. Huingia katika kila sentensi ya pili. Vitenzi vinavyotumika mno hushikilia maumbo yao ya zamani, kwa sababu mtoto huyasikia mara elfu kabla hajapata nafasi ya kuyatengeneza upya. Na katika hati za serikali, za kanisa na za mahakama 'haya' iliandikwa bila kukoma. Sababu ya pili ni wakati. Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania kilianzishwa Madrid mwaka 1713, kikatoa kamusi yake ya kwanza kati ya 1726 na 1739, na sarufi yake ya kwanza mwaka 1771. Mlango ulipofungwa, 'traiga', 'caiga' na 'oiga' zilikuwa tayari ndani, zimeketi na watu wa mjini. 'Haiga' ilikuwa bado shambani.

Ikabaki huko, lakini haikufa. Ilisafiri na walowezi hadi Amerika. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa New Mexico walikuwa bado wanasema 'haiga', pamoja na 'truje' na 'asina', maneno ambayo zamani yalisikika hata vinywani mwa waungwana wa Hispania. Leo bado inasikika vijijini pande zote mbili za bahari. Kamusi ya mashaka ya lugha iliyotolewa na vyuo vya Kihispania mwaka 2005 inaieleza kuwa si ya usemi wa wasomi. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kuongeza mzaha wetu wenyewe: asiyesema 'haya' ameonekana hana haya.

Mzaha wa Hispania wenyewe ulikuwa mkali zaidi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, walitokea watu waliotajirika ghafla katikati ya njaa ya wengine. Ikasemwa kwamba mtu wa namna hiyo akiingia dukani kununua gari huagiza kubwa kuliko yote 'que haiga', yaliyopo. Basi magari makubwa ya Kimarekani ya kujionyesha yakaitwa 'haiga'. Neno hilo limo katika kamusi ya Chuo cha Kifalme hadi leo, kama jina la gari, pamoja na maelezo ya asili yake. Tazama ajabu hiyo: umbo la kitenzi lililokataliwa mlangoni limeingia kupitia dirishani, na limeingia kama tusi. Na tusi lenyewe halikulenga wizi wa tajiri yule. Lililenga asili yake ya kijijini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu wangu, kwa heshima. Wao husema historia ya lugha ni somo la pembeni, la wenye muda. Mimi naona bila historia hiyo mwalimu hujikuta akifundisha dharau bila kukusudia. Katika Marekani wapo watoto wengi wa familia zilizotoka vijijini Meksiko wanaoingia darasa la Kihispania, lugha ya nyumbani kwao, na kuambiwa siku ya kwanza kwamba 'haiga' ya bibi ni makosa. Mtoto huyo haambiwi kwamba 'traiga' ya mwalimu ilizaliwa kwa tendo lilelile. Hubaki na wazo kwamba bibi yake hakuwa na akili ya kutosha. Na bibi alikuwa mlinganishaji hodari!

Hali ni hiyohiyo kwa 'puédamos'. Sarufi inataka 'pueda' kwa nafsi zenye mkazo kwenye shina, na 'podamos' kwa 'sisi', kwa sababu ile 'o' fupi ya Kilatini ilipasuka kuwa 'ue' pale tu ilipokuwa na mkazo. Wakulima wengi wa Hispania na Amerika wamesawazisha yote: 'pueda, puedas, pueda, puédamos, puedan'. Wamehamisha mkazo, na shina limekuwa moja mwanzo hadi mwisho. Tukipima kwa urahisi wa kanuni, mkulima amemshinda msomi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya Kiswahili chetu. Bukavu na Lubumbashi, watu husema 'ikuwe' na 'akuye' pale Kiswahili sanifu kinaposema 'iwe' na 'aje'. Wenzetu wa pwani wakisikia hutabasamu, na wahadhiri wetu hupiga mstari mwekundu. Mstari huo siukatai. Lakini tuangalie kilichotendeka. Vitenzi vya silabi moja katika Kiswahili sanifu hubeba 'ku' mahali fulani na kuitupa mahali pengine: 'anakuja' lakini 'aje', 'itakuwa' lakini 'iwe'. Msemaji wa Kongo ameichukua 'ku' aliyoisikia katika 'itakuwa' akaiacha ikae kila mahali. Ni 'puédamos' ya Kibantu. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza ilipoanza kazi ya kusanifisha, msingi uliochaguliwa ulikuwa lahaja ya Unguja, na sisi tuliokuwa chini ya Wabelgiji hatukuwemo chumbani. Kimvita, chenye mashairi ya karne nyingi, kilikuwa karibu zaidi na bado hakikupewa msingi huo.

Simaanishi kwamba kila umbo ni sawa na jingine mahali popote. Anayeomba kazi Madrid kwa barua yenye 'haiga' ataipoteza kazi, na kumficha jambo hilo ni kumdhulumu. Mwanafunzi afundishwe 'haya', tena mapema. Ninachodai ni kwamba neno 'makosa' lisitumike kana kwamba linaeleza kitu. 'Haiga' ina nasaba inayojulikana, hatua kwa hatua, na ukiijua nasaba hiyo umekwisha kuijua ya 'traiga', 'caiga' na 'oiga' kwa bei ya moja.

Kwa upande wa kukariri, faida niliiona haraka. Daftari langu la vitenzi halifuati tena alfabeti. Ukurasa mmoja ni wa waliopata 'g' kwa sauti, kama 'diga'. Mwingine ni wa walioazima, kama 'tenga' na 'salga'. 'Sepa' na 'quepa' wanakaa wawili peke yao, kama wazee barazani. Chini ya 'traiga', 'caiga' na 'oiga' nimeandika pia 'haiga', kwa kalamu ya risasi, na pembeni yake: halali kwa nasaba, usiiandike kwenye mtihani.